Kibwebwe ulichozaliwa nacho

Leo tuongee habari za tumbo. Siyo kuumwa tumbo wala kuhara, hayo yana siku yake. Tunaongelea misuli ya tumbo, ile ambayo wavulana wengi wanaitafuta kwa kupiga sitapu mia kila usiku, na wasichana wengi wanaitafuta kwa kujinyima chakula cha mchana. Wote wanahangaika kweli kweli, na wengi wao wanahangaikia kitu ambacho sicho.

Siku ukipita Mtaa wa Kongo pale Kariakoo, mnamo saa tano asubuhi, simama pembeni (angalia usigongwe) uwatazame vijana wanaobeba mizigo. Mmoja ana robota la vitambaa begani. Mwingine anasukuma mkokoteni uliojaa magunia ya vitunguu. Wengi wao ni wembamba tu, ukiwaona bila shati huwezi kuwapa kombe la kutunisha misuli. Lakini mzigo unapanda, unashuka, na kiuno kimetulia. Halafu yuko jamaa mwingine, kifua kama mlango, mikono imejaa, ila akiinua boksi moja anashika mgongo na kukunja uso. Kuna nini hapo?

Hatusemi kwamba wabeba mizigo wote wako salama. Wengi wanaumia, na wanaendelea kubeba kwa sababu kesho lazima wale. Maumivu ya kiuno si mchezo: Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa nayo. Na usidhani ni ugonjwa wa wazee. Wewe unayekaa kwenye dawati kuanzia asubuhi, umejikunja kama ndoana, kisha unasimama kwenye daladala au mwendokasi na begi la vitabu limening'inia bega moja, kisha unafika nyumbani unainama na fagio la chelewa, kiuno chako nacho kinapiga kazi. Swali ni kama kina msaidizi.

Msaidizi huyo ni nani?

Unajua kibwebwe. Mama akiwa na kazi nzito, au ngoma ikikolea, anachukua kanga anaizungusha kiunoni na kuikaza. Ndiyo maana mtu akiamua kupambana tunasema amejifunga kibwebwe. Sasa kumbe mwili wenyewe una kibwebwe chake ndani, na karibu kila mtu anacho bila kujua.

Tumbo lako limezungushiwa tabaka nne za misuli. Wa mbele kabisa ni ule unaoteremka wima kutoka kifuani hadi kinenani. Ndio unaotokeza mafungu mafungu, wenyewe mnauita siksipaki. Kazi yake kubwa ni kukukunja. Ukiinuka kitandani asubuhi unautumia. Pembeni kuna tabaka mbili zilizokwenda mshazari, moja juu ya nyingine, za kukugeuza na kukuinamisha upande. Chini ya zote, ndani kabisa, kuna msuli mpana na mwembamba ambao nyuzi zake zimelala kama nyuzi za mkanda. Unaanzia mgongoni, unazunguka ubavuni, na kukutana na mwenzake wa upande wa pili mbele ya tumbo. Kwa Kilatini una jina refu la kuvunja ulimi. Sisi hapa tutauita kibwebwe.

Huo hauonekani kwenye kioo. Hakuna atakayekusifia kwamba una kibwebwe kizuri. Lakini ndio unaobana tumbo kutoka pande zote na kuushikilia uti wa mgongo.

Unataka kuona unavyofanya kazi? Chukua chupa tupu ya maji ya plastiki, funga kizibo vizuri, isimamishe mezani, kisha ikandamize kwa kiganja kutoka juu. Inagoma. Sasa fungua kizibo, kandamiza tena. Imebonyea! Plastiki ni ile ile. Kilichotoka ni hewa iliyokuwa imebanwa ndani. Tumbo lako nalo ni chupa. Kizibo chake cha juu ni kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Kitako chake ni misuli ya sakafu ya nyonga, ile unayoibana ukitaka kuzuia mkojo. Ukuta wake ni kibwebwe, na nyuma kuna misuli midogo inayofunga pingili na pingili. Vyote vikikaza pamoja, tumbo linakuwa gumu na mgongo unapata nguzo.

Bila nguzo hiyo mambo ni mabaya kuliko unavyofikiri. Watafiti waliwahi kuchukua pingili za kiuno za maiti, wakaondoa misuli yote na kubakiza mifupa na kano zake, wakaziwekea uzito kutoka juu. Zilianza kujipinda kabla uzito haujafika kilo 10. Ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20. Kwa hiyo usijidanganye kwamba mfupa ndio unaobeba.

Kuna jambo jingine. Mwaka 1996 watafiti Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Australia waliandika walichokiona walipopima misuli hii. Mtu asiye na maumivu akitaka kuinua mkono, kibwebwe chake kinakaza kwanza, kabla mkono haujaanza hata kusogea. Kinajiandaa. Kwa watu waliokuwa na historia ya maumivu ya kiuno, kilichelewa. Ina maana pamoja na nguvu, kibwebwe kinahitaji kuwahi, na kuwahi hakufundishwi kwa sitapu za fasta fasta.

Mjerumani aliyefungwa kambini

Hapo ndipo inapoingia Pilates. Tamka "pilatizi". Ni jina la mtu, Joseph Pilates, aliyezaliwa mwaka 1883 katika mji wa Mönchengladbach, Ujerumani. Utotoni alikuwa mgonjwa mgonjwa, ana pumu, ana matege. Akaamua kujitengeneza mwenyewe kwa mazoezi, mpaka akawa mwanamichezo. Akahamia Uingereza. Mwaka 1914 Vita ya Kwanza ya Dunia ikaanza, na Waingereza wakawakamata wanaume wa Kijerumani waliokuwa nchini mwao na kuwaweka kambini. Pilates akapelekwa Isle of Man.

Sasa tazama historia inavyokutana. Vita ile ile ndiyo iliyotupa jina la Kariakoo. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, eneo lile likawa kambi ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Ulimi wetu ukalainisha, ikawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao kwa sababu hiyo hiyo. Wapagazi walibeba chakula, risasi na mahema ya jeshi kwa miguu, porini, na makumi ya maelfu wakafa, wengi zaidi kwa magonjwa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 pale makutano ya Samora na Azikiwe inawakumbuka na wao. Unapowaona wabeba mizigo wa leo pale sokoni, jina la mahali walipo ni jina la kazi yao. Wengi hawajui.

Basi wakati babu zetu wakibeba mizigo ya vita, Mjerumani huyu alikuwa nyuma ya waya, hana vyuma vya kunyanyua. Alikuwa na sakafu na pumzi zake. Akatengeneza mazoezi ya kufanya pale pale chini na kuwafundisha wafungwa wenzake. Baada ya vita alirudi kwao, kisha mwaka 1926 akahamia New York, ambako yeye na mwenzake Clara walifungua chumba cha mazoezi. Wateja wao wengi walikuwa wacheza dansi walioumia. Mwenyewe aliyaita mazoezi yake Kontroloji, kwa maana ya elimu ya kuutawala mwili. Jina la Pilates lilikuja kushika zaidi baadaye. Alifariki mwaka 1967.

Siku hizi, hapa jijini, ukisikia darasa la Pilates ujue ni mambo ya Masaki na Oysterbay, vitanda vya springi na ada ya kukutoa jasho kabla hujaanza zoezi. Usikonde. Kilichoanzia kambini kinatosha kwenye chumba cha kupanga. Unachohitaji ni mkeka, na blanketi chini yake kama sakafu ni ngumu, na nafasi ya kunyoosha miguu. Kama mnalala wanne chumba kimoja, subiri wenzako watoke, au fanyeni pamoja.

Tuanze

Kwanza kitafute kibwebwe chenyewe. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo ambayo watu wanairuka. Lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe chini. Shika mifupa miwili ya nyonga inayochomoza mbele, kisha ingiza vidole ndani kidogo, kama upana wa vidole viwili, na kandamiza taratibu. Kohoa. Umesikia kitu kimekusukuma vidole? Basi uko mahali penyewe. Sasa vuta hewa kwa pua, mbavu zitanuke pembeni. Itoe taratibu kwa mdomo, "ssss", na huku hewa ikitoka vuta sehemu ya chini ya kitovu kwenda ndani, kama mtu anayefunga zipu ya suruali iliyombana. Polepole. Thuluthi tu ya nguvu zako inatosha. Utasikia chini ya vidole kitu kimekaza kama kitambaa kilichovutwa. Tumbo likitokeza juu, au makalio yakikaza, au umebana pumzi mpaka macho yanatoka, umechemsha, anza tena. Ukishakipata, kishikilie huku unapumua kawaida kwa kuhesabu mpaka 10, kisha achia. Rudia mara 10. Wiki ya kwanza fanya hili peke yake. Utaona kama mchezo wa watoto. Fanya tu.

Wiki ya pili ongeza miguu. Umelala vile vile, kibwebwe kimekaza. Toa hewa, inua mguu mmoja mpaka goti liwe juu ya nyonga, mguu umekunjwa. Vuta hewa, ushushe. Badilisha. Mara 10 kila upande. Ujanja wake uko kwenye kutotikisika. Weka kikombe cha plastiki chenye maji kidogo chini ya kitovu: yakimwagika, kiuno kimeyumba. Mvulana anayejisifu kwa sitapu 200 mpe zoezi hili halafu kaa pembeni ucheke.

Zoezi linalofuata ni maarufu, linaitwa Mia. Pilates mwenyewe aliliweka la kwanza katika mazoezi 34 ya kitabu chake cha mwaka 1945. Umelala chali, mikono imenyooka kando ya mwili. Inyanyue kidogo, uipigepige juu na chini kama unapiga maji, kiasi cha shibiri moja. Vuta hewa kwa mapigo 5, itoe kwa mapigo 5. Hiyo ni 10. Fanya mara 10, umepata mia. Mwanzoni acha kichwa na nyayo chini. Ukizoea, inua miguu magoti yakiwa yamekunjwa. Ukizoea zaidi, inua kichwa na mabega, macho yaangalie tumbo. Shingo ikiuma rudisha kichwa chini, hakuna atakayekucheka. Na mgongo ukianza kuacha mkeka na kujipinda, ujue misuli imechoka na kiuno kimeanza kulipa deni.

La mwisho ni daraja. Umelala, magoti yamekunjwa. Toa hewa, inua makalio polepole, pingili moja moja ikiachana na mkeka, mpaka mwili uwe mstari kutoka mabegani hadi magotini. Shuka kwa utaratibu huo huo, ukianzia juu ya mgongo. Mara 8. Hili ni la makalio na nyuma ya mapaja, ambao ni majirani wa kibwebwe na wakilegea yeye ndiye anayepata taabu.

Yote haya yanachukua kama dakika 15. Siku tatu kwa wiki zinatosha, usifanye mara tu baada ya kula. Lakini yasikuondoe uwanjani. Shirika la Afya Duniani linataka kijana wa umri wako apate wastani wa dakika 60 kila siku za mwili kuchemka: mpira, netiboli, kuruka kamba, kutembea haraka. Pilates haikupi pumzi ya kukimbia.

Na sitapu je? Si haramu. Ila mtu akikushikia miguu ukaanza kuruka juu na chini, sehemu kubwa ya kazi inafanywa na misuli ya nyonga inayoinua mapaja, mikono inavuta shingo, na kibwebwe kinaweza kuwa kimelala usingizi.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Sasa tuambiane ukweli. Hakuna zoezi la tumbo linaloondoa mafuta ya tumbo. Misuli iko chini, mafuta yako juu, na mwili hauchagui mafuta ya mahali unapopafanyisha kazi. Siksipaki kutokeza au kutotokeza kunategemea mafuta kiasi gani yameifunika, na hilo linategemea chakula, shughuli na ulivyorithi kwa baba na mama. Kuna watu wana tumbo imara kabisa na halina mstari hata mmoja. Msichana, ukibalehe mwili unaongeza mafuta nyongani na tumboni kidogo. Ndivyo ulivyopangwa. Kuacha kula mchana hakutakupa misuli. Kutakupa kizunguzungu kipindi cha hesabu.

Mikanda ya kubana tumbo inayotembezwa barabarani nayo ni changa la macho. Unatoa jasho, unapungua maji, ukinywa yanarudi. Wakati huo mkanda wa nje unafanya kazi, wa ndani unastarehe. Vidonge na chai za kupunguza tumbo ndiyo kabisa usiguse, hujui kilichomo.

Kuna na hili la kwamba msichana akifanya mazoezi ya tumbo anaharibu kizazi. Si kweli. Kizazi kimekaa ndani ya nyonga, kimelindwa vizuri. Hata siku za hedhi unaweza kuendelea kama unajisikia vizuri, na wengine hupata nafuu ya tumbo la hedhi kwa mazoezi mepesi. Aliye mjamzito, au aliyejifungua karibuni, aongee kwanza na muuguzi wa kliniki, kwa sababu baadhi ya mazoezi haya hayamfai.

Na Pilates yenyewe tusiipambe kupita kiasi. Mwaka 2015 watafiti waliokusanya majaribio mbalimbali walikuta kwamba kwa wenye maumivu ya kiuno inasaidia kuliko kutofanya kitu cha maana, lakini hawakupata uthibitisho kwamba inayashinda mazoezi mengine. Sisi tunaipenda kwa sababu ni bure, haihitaji uwanja, na inakufundisha kuujua mwili wako.

Kuna wakati mkeka hautoshi. Kama maumivu ya kiuno yanashuka mguuni kama shoti ya umeme, mguu unakufa ganzi au unakosa nguvu, yanakuamsha usiku, au yamekuja baada ya kuanguka, nenda kituo cha afya. Kama mkojo au choo kinakutoka bila kujijua, au huhisi kitu katikati ya mapaja, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ukiona uvimbe kinenani au kitovuni unaotokeza ukikohoa, hiyo inaweza kuwa ngiri. Usijifungie chumbani na mazoezi wala dawa za mizizi, daktari auone kwanza.

Bado kuna ndoo. Wanaokaa ghorofani Kariakoo wanajua maji yakikatika kazi inavyokuwa. Simama karibu na ndoo, usiifuate kwa mbali. Kunja magoti na nyonga, siyo mgongo. Vuta hewa. Ukianza kuitoa, kaza kibwebwe kama ulivyofanya pale mkekani, kisha inuka kwa miguu, ndoo ikiwa karibu na mwili. Ukitaka kugeuka geuza nyayo, usikipinde kiuno. Kama una ndoo mbili ndogo badala ya moja kubwa, ni bora zaidi, moja kila mkono. Ukifika ghorofa ya tatu, itue hivyo hivyo ulivyoiinua: magoti kwanza, pumzi ikitoka.